Njaa ya Jeki: mbwa aliyekula sana akazidi kukonda

Jeki aliletwa kwangu akiwa na miaka miwili na miezi miwili. Ni dume, aina ya German Shepherd, mlinzi wa nyumba moja upande wa Njiro, Arusha. Mizani ilisoma kilo 21.5. Kwa urefu wa miguu yake na upana wa kifua chake alitakiwa awe na kilo 33 au 34. Mbavu ungezihesabu ukiwa mlangoni, nyonga zimechomoza, manyoya yamekauka na kusimama kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Ila macho yalikuwa maangavu, na alizunguka chumba kizima akinusa kila kona. Pamba yenye spiriti ilipoanguka sakafuni aliimeza kabla hatujamfikia.

Ile pamba ndiyo niliyopaswa kuishika tangu dakika ya kwanza. Sikuishika, na Jeki akapoteza wiki tatu nyingine. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa kuwa ugonjwa wake una jina, upungufu wa vimeng'enya vya kongosho, una kipimo, na una tiba inayopatikana machinjioni kwa bei ya soda mbili. Pamoja na hayo, naamini mbwa wengi wa aina hii hapa kwetu hufa wakiitwa wenye minyoo sugu.

Mwenye mbwa ni mama mmoja, mwalimu mstaafu. Alikuja na bahasha ya karatasi za matibabu ya miezi mitano: dawa ya minyoo mara nne, sindano za oksitetrasaiklini, na metronidazoli, flajili kama tunavyoizoea, mara tatu. Alinieleza jambo ambalo wenye mbwa wengi hulieleza: kila flajili ilipotolewa, kinyesi kilikaza siku nne au tano, kisha kikarudi kama uji. Mtu akiona hivyo husema dawa ni ile ile, tatizo dozi ilikuwa fupi. Basi inaongezwa. Nitalirudia jambo hili baadaye, maana linapotosha kuliko lolote katika kisa hiki.

Nilifanya yale ambayo wengi wetu tungefanya. Nikapima kinyesi alichokileta mama kwenye kichupa kidogo, nikaona mayai machache ya minyoo ya safura. Nikatazama damu kwa hadubini kutafuta vijidudu vya kupe, maana hapa mbwa anayekonda bila kupimwa magonjwa ya kupe ni mbwa ambaye hajapimwa. Sikuona kitu. Wingi wa chembe nyekundu ulikuwa asilimia 39, si mbaya. Albumini, protini kuu ya damu, ilikuwa gramu 29 kwa lita, ya kawaida kabisa. Nikampa fenibendazoli miligramu 50 kwa kila kilo, siku tano mfululizo, inayoua safura na pia giadia, kijidudu cha utumbo ambacho hujificha kwenye sampuli moja. Nikamwambia mama abadilishe chakula kwa wiki mbili, wali na kuku wa kuchemsha bila kitu kingine, kwa sababu mbwa wengi wenye kuhara kwa muda mrefu hupona kwa kubadilishiwa chakula tu.

Alirudi baada ya wiki tatu na kilo 20.8.

Hapo nilikaa na ile karatasi ya damu nikaisoma upya. Ukuta wa utumbo unapougua kwa muda mrefu, kwa uvimbe, kwa saratani au kwa mishipa ya limfu kuziba, mara nyingi protini huvuja kutoka kwenye damu na kuingia utumboni, na albumini hushuka. Ikifika chini ya gramu 20 tunaanza kuogopa. Mbwa aliyekonda namna ile kwa ugonjwa wa ukuta wa utumbo, nilitarajia albumini yake ianguke. Ya Jeki ilisimama. Isitoshe, mbwa wenye utumbo uliovimba mara nyingi hupoteza hamu ya kula, wakachagua chakula, wakatapika. Huyu alikula pamba yenye spiriti. Kwa hiyo chakula kilikuwa kinaingia, ukuta haukuwa unavuja, na bado mwili ulikuwa na njaa. Nikaona siwezi kuendelea kumtibu kwa kuangalia kichupa. Nikaomba kwenda nyumbani.

Mlinzi wa pale ni mzee wa Kitanga, mtu wa swala tano.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba daktari. Umemfuata mgonjwa?”

“Naomba unionyeshe anapojisaidia.”

“Huhitaji kuonyeshwa, pua itakupeleka. Mimi naokota mara nane, mara tisa kwa siku. Daktari, mimi si mtu wa mbwa, lakini hesabu naijua. Kinachotoka ni kingi kuliko kinachoingia. Na usipowahi, anakila mwenyewe.”

Mzee huyu, kwa kuwa najisi ya mbwa inamlazimu kujitwaharisha kabla ya swala, alijua kila rundo lilipo, saa lilipoangushwa na lilivyo, ili asilikanyage. Alivaa glavu za plastiki na alikuwa na koleo lake la kazi hiyo tu. Katika watu wote waliomshughulikia Jeki kwa miezi sita, mimi nikiwamo, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameutazama ugonjwa wenyewe. Mama hakuwa anapita nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeona kijiko kimoja.

Nilichokiona pale kilimaliza nusu ya kazi. Marundo makubwa, mengi, rangi ya udongo wa njano, yanang'aa kama yamepakwa samli, yenye harufu ya uchachu. Ndani yake punje za wali zilionekana nzima. Hapakuwa na damu wala ute.

Kwa wasiozoea, ugonjwa wa utumbo mwembamba na wa utumbo mpana hujitenga pale pale kwenye nyasi. Utumbo mpana ukiugua, mbwa huchuchumaa mara nyingi, hujikamua, hutoa kidogo kidogo chenye ute au damu mbichi, na uzito haupungui sana. Utumbo mwembamba ukishindwa, kinyesi huwa kingi na mbwa hukonda, kwa kuwa huko ndiko chakula kinakoingia mwilini. Jeki alikuwa wa kundi la pili bila shaka. Na mafuta yale yakanipeleka hatua moja zaidi: inawezekana utumbo wenyewe ni mzima, ila unapokea chakula ambacho hakijakatwakatwa.

Kazi ya kukatakata ni ya kongosho. Hiki ni kiungo chenye rangi ya waridi iliyopauka, laini, kinacholala kando ya mwanzo wa utumbo mwembamba, na humwaga humo vimeng'enya: lipesi ya kuvunja mafuta, tripsini na wenzake wa kuvunja protini, na amilesi ya kuvunja wanga. Utumbo una vilai, vinyweleo vidogo visivyohesabika vinavyofyonza chakula, na seli zinazovifunika hufanywa upya kila baada ya siku chache. Lakini hata vilai vikiwa vizima namna gani, haviwezi kufyonza punje ya wali. Kwa mbwa wa kwetu, amilesi ni jambo zito kuliko linavyosemwa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi za jeni la amilesi ya kongosho, wakati mbwamwitu ana mbili tu. Hiyo ni sababu moja iliyomwezesha mbwa kuishi na wakulima na kula mabaki ya nafaka zao. Mbwa wa Arusha anayelishwa ugali na dagaa kila siku anaishi kwa mgongo wa kongosho. Mate yake hayamsaidii kwa wanga kama yanavyotusaidia sisi. Kongosho likinyamaza, ugali unapita kama ulivyoingia, na bakteria wa chini ndio wanaonenepa.

Kongosho lina akiba kubwa. Dalili hazionekani mpaka takriban asilimia 90 ya uwezo wake wa kutoa vimeng'enya umekwisha. Ndiyo maana mbwa huonekana mzima, mzima, kisha ndani ya wiki chache anaporomoka. Katika German Shepherd chanzo cha kawaida ni kusinyaa kwa seli zinazotengeneza vimeng'enya, na watafiti wa Helsinki, walioufuatilia ugonjwa huu kwa miaka mingi katika German Shepherd na Collie, walionyesha kuwa kabla ya kusinyaa seli za kinga za mwili hulivamia kongosho lenyewe. Seli zinazotoa insulini kwa kawaida huachwa, kwa hiyo mbwa hapati kisukari. Umri unaopendelewa ni ujana, mwaka mmoja hadi minne. Jeki alikaa katikati kabisa ya picha hiyo.

Kipimo chenyewe huitwa TLI. Kongosho zima huvujisha kiasi kidogo cha tripsinojeni, malighafi ya tripsini, kwenye damu wakati wote. Likifa, damu inakuwa tupu. Williams na Batt walichapisha ubora wa kipimo hiki kwa mbwa mwaka 1988, na tangu hapo hakuna kilichokiondoa mahali pake. Mbwa hufungishwa kula kwa muda wa saa 12, hutolewa damu, hutenganishwa seramu, basi. Thamani chini ya 2.5 kwa mbwa mwenye dalili hizi inafunga mjadala. Shida yetu ni kwamba seramu ilibidi isafirishwe nje ya nchi. Bahati nzuri inavumilia safari vizuri.

Sikutaka Jeki asubiri. Kuna jaribio la zamani, lisilo na uhakika wa TLI, ambalo vitabu vya sasa vimelisahau, nami nadhani limesahauliwa mapema mno kwa nchi zetu. Mbwa aliyefunga hupewa mafuta ya mahindi, mililita tatu kwa kila kilo, kisha hutolewa damu baada ya saa mbili na saa tatu. Damu ikizungushwa kwenye mashine, kwa mbwa mzima ule ute wa juu, plazima, huwa mweupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji, kwa kuwa mafuta yamevunjwa na kuingia mwilini. Plazima ya Jeki ilibaki safi, ungeisomea gazeti. Baada ya siku mbili nikarudia, safari hii mafuta yakichanganywa na unga wa vimeng'enya vya kongosho ambao mwenzangu wa Nairobi alikuwa amenigawia kwenye kikopo. Plazima ikawa maziwa.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Nilisimama na zile chupa mbili dirishani nikamwita mama aje azione. Utumbo ulikuwa mzima. Ulikuwa unangoja tu kuletewa chakula kilichokatwa.

Majibu ya nje yalirudi siku ya 19: TLI 1.3. Vitamini B12 ilikuwa 142, wakati kikomo cha chini cha maabara ile ni 251. Foleti, vitamini nyingine ya kundi B, ilikuwa juu kidogo ya kawaida. Namba hizi tatu ukizisoma pamoja zinaeleza utumbo mzima kutoka juu hadi chini. Foleti hufyonzwa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na bakteria wengi waliojazana huko huitengeneza, kwa hiyo inaweza kupanda. B12 hufyonzwa mwishoni kabisa mwa utumbo mwembamba, na haiwezi kupita pale bila kushikwa na protini maalumu ambayo kwa mbwa sehemu kubwa hutoka kwenye kongosho. Kongosho likikosekana, protini hiyo inapungua, na bakteria nao wanaila B12 yenyewe. Mbwa anakosa kwa njia mbili. Bila B12 seli za vilai hazijijengi upya vizuri. Ndiyo maana mbwa mwingine huanzishiwa vimeng'enya na asinenepe, na daktari akadhani amekosea ugonjwa, kumbe amesahau vitamini.

Kwa paka jambo hili ni kali zaidi, na naomba msomaji mwenye paka asiliruke. Protini ile kwa paka hutoka kwenye kongosho peke yake. Paka pia ana mfereji wa kongosho unaoungana na wa nyongo kabla ya kuingia utumboni, hivyo uvimbe wa kimoja huweza kumgusa mwenzake, na kongosho la paka mara nyingi huharibika kwa uvimbe wa muda mrefu badala ya kusinyaa kama la Jeki. Paka mzee anayekonda huku akila anastahili kupimwa B12 na TLI ya paka, pamoja na tezi ya shingo. Kumpa dawa ya minyoo tena na tena hakutoshi.

Kabla majibu hayajarudi, mtoto wa kiume wa mama alikwisha piga simu kutoka Dar akishauri Jeki apigwe sindano ya mwisho. Alisema kwa huruma, mbwa anateseka. Mama aliniuliza moja kwa moja kama mwanawe ana haki. Nilimweleza ninachokijua: kuna uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa 2007 uliofuatilia mbwa wengi wa ugonjwa huu. Karibu mmoja kati ya watano hakufikisha mwaka mmoja wa matibabu, lakini muda wa kati wa kuishi ulikuwa siku 1,919, zaidi ya miaka mitano. Waliokuwa na B12 ya chini sana walifanya vibaya zaidi. Mama akasema, “Basi tuanze na hiyo vitamini leo.” Tukaanza. Sindano ya B12 chini ya ngozi, mikrogramu 1,000, mara moja kila wiki kwa wiki sita, nyingine baada ya mwezi, kisha kupima tena mwezi unaofuata. Siku hizi imeonyeshwa kuwa hata vidonge vya kila siku vinafanya kazi kwa mbwa, kwa dozi kubwa. Kwa Jeki nilipendelea sindano, nijue imeingia.

Unga wa Nairobi ulitosha siku tisa. Kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo kumi za uzito, kila mlo. Siku ya tatu mzee alinipigia simu kabla ya saa moja asubuhi. “Daktari, leo nimeokota mara tatu tu.”

Baada ya unga kwisha ndipo kazi halisi ilipoanza, kwa sababu unga wa kuagiza kwa mwaka mzima ulikuwa juu ya uwezo wa pensheni. Kongosho bichi la ng'ombe linafanya kazi ile ile: gramu 30 hadi 90 badala ya kijiko kimoja. Kwa Jeki tulianza na gramu 120 kwa mlo, asubuhi na jioni. Kongosho la ng'ombe mkubwa ni robo hadi nusu kilo, kwa hiyo vinne au vitano kwa wiki vinatosha. Nikampa mama maelekezo na kijana wa bodaboda akatumwa machinjioni.

Siku nne baadaye kuhara kulirudi kwa kishindo. Nikaenda, nikafungua friza. Ndani ya mifuko kulikuwa na kitu cheusi chekundu, kirefu kama ulimi, chenye ngozi laini juu. Bandama. Kijana aliomba kongosho, mchinjaji akampa bandama, na wala hakukusudia kumdanganya. Machinjioni neno kongosho halitajwi, kwa sababu halinunuliwi na mtu. Linakatwa pamoja na mafuta ya utumbo na kutupwa. Neno linaishi kwenye vitabu vya shule na wodi za kisukari. Asubuhi iliyofuata saa kumi na moja nilikwenda mwenyewe, nikasimama na wachinjaji, nikawaomba wanifungulie ng'ombe taratibu. Nikawaonyesha: fuata tumbo hadi linapoingia utumbo, hapo kwenye kona ya kwanza, chini ya ini, kuna kitu cha rangi ya waridi iliyopauka chenye vijipande vijipande kama nafaka zilizobanana. Si mafuta, mafuta ni meupe na yanateleza. Si bandama, bandama ni nyeusi na iko upande wa pili, imeshikana na tumbo. Mzee mmoja wa pale akasema, “Kumbe hiki? Hiki tunawatupia kunguru.” Tangu siku hiyo Jeki ana mfuko wake, kwa jina lake.

Kwa kuwa ni ogani mbichi, kuna tahadhari isiyopingika. Mbwa anayekula mabaki mabichi ya machinjio, hasa mapafu na maini yenye vifuko vya maji, hupata tegu mdogo anayemrudia binadamu na kumjengea vifuko hivyo hivyo ndani ya ini. Ugonjwa huu uko kwa wafugaji wetu, na Turkana ya Kenya imewahi kurekodi viwango vya juu kabisa duniani. Kwa hiyo tulichukua kongosho la ng'ombe aliyepigwa muhuri na mkaguzi wa nyama tu, tukalisaga, tukaligandisha wiki nzima kabla ya kulitumia, na Jeki anapewa prazikwanteli, dawa ya tegu, kila wiki sita. Kuganda hakuviui vimeng'enya.

Moto unaviua. Hilo tulilijua kwa njia ngumu katika wiki ya tano. Kinyesi kililegea tena, uzito ukasimama. Friza ilikuwa sawa, mfuko ulikuwa sawa. Dada wa jikoni ndiye aliyeniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba analichemsha kidogo, kwa sababu mbwa akizoeshwa nyama mbichi huwa mkali na kuuma watu wa nyumbani. Imani hii nimeikuta kila mahali nilipofanya kazi, na dada alikuwa anawalinda watoto wa jirani wanaokuja kucheza pale. Sikumlaumu. Niliomba yai jikoni, nikalivunja nusu kwenye kikombe, nusu kwenye kikaango. “Lile la kikaango linaweza kurudi kuwa hili?” Akasema haliwezi. Nikamwambia dawa ya Jeki imeumbwa kwa kitu cha namna ya ute wa yai. Tangu hapo chakula kinapozwa hadi mkono uvumilie, ndipo kongosho linachanganywa, na maji ya uvuguvugu kidogo. Jeki hajamuuma mtu.

Katika wiki hizo hizo ufizi wake ulianza kutoa damu. Vimeng'enya vinavyovunja nyama havichagui nyama ya nani. Tukashusha hadi gramu 90 kwa mlo na kulowesha chakula zaidi, na vidonda vikafunga.

Chakula chenyewe tulikibadilisha kwa uangalifu. Ugali wa dona tuliuacha, kwa kuwa pumba zake hupunguza kazi ya vimeng'enya. Akawa anakula wali, nyama ya kuchemsha, na dagaa waliooshwa mchanga. Mafuta hatukuyakata sana. Zamani mbwa hawa walilishwa bila mafuta kabisa, na wengine walibaki wembamba kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwenye flajili. Kwa nini ilimsaidia kwa siku tano? Kwa sababu mafuta na wanga ambavyo havijavunjwa hufika kwa bakteria, nao huyageuza mafuta kuwa asidi zinazoulazimisha utumbo kutoa maji. Ukiwapiga bakteria, maji hupungua. Mbwa amebaki na njaa ile ile, ila nyasi ni kavu, na mwenye mbwa anashukuru. Gharama yake ni kubwa. Utafiti wa mwaka 2020 uliwapa mbwa wazima metronidazoli siku 14, na wiki nne baada ya kuiacha jamii ya bakteria katika baadhi yao haikuwa imerudi ilivyokuwa. Mmoja wa wanaopotea ni bakteria aliyekuwa akiitwa Clostridium hiranonis, sasa Peptacetobacter hiranonis, ambaye kazi yake kubwa ni kugeuza asidi za nyongo kuwa za aina inayowazuia bakteria wabaya kukua. Kundi la Jan Suchodolski huko Texas A&M limejenga kipimo kizima cha kinyesi cha mbwa ambamo huyu anahesabiwa kama nguzo. Jeki alikuwa amepewa dawa hiyo mara tatu kwa miezi mitano, bila giadia kuonekana hata mara moja. Simshutumu mtu. Naomba tu tuache kuitoa kwa kila kuhara, na hasa tuache kuhesabu nafuu ya siku tano kama uthibitisho wa ugonjwa.

Mwisho wa wiki ya sita Jeki alikuwa na kilo 26.9. Mwezi wa nne, 32.4. B12 ilirudi 640. Aliacha kula kinyesi mapema, wiki ya pili, na kwangu hiyo ilikuwa dalili nzuri kuliko mizani: mwili ulikuwa umeacha kutafuta. Mzee sasa anaokota mara mbili kwa siku. Tumekubaliana juu ya jambo moja la dharura: German Shepherd wenye ugonjwa huu wanaweza kupata msokoto wa utumbo mzima, na huo huua kwa saa chache. Tumbo likivimba ghafla, mbwa akianguka au ufizi ukiwa mweupe, asingojwe asubuhi.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko dawa. Mama alikuwa amewaahidi watu wawili watoto wa Jeki, na majike walishatajwa. Ugonjwa huu unaenda kwa ukoo. Zamani ulidhaniwa ni wa jeni moja, jambo rahisi, lakini watafiti wale wa Helsinki walipozalisha mbwa wawili, wote wenye ugonjwa, si watoto wote waliougua, kwa hiyo kuna jeni zaidi ya moja na pengine mazingira pia. Hakuna kipimo cha kumwambia mama ni mtoto yupi atakuwa salama. Mgonjwa hazalishwi, na ndugu zake pia wasizalishwe. Mama alinyamaza kwa muda, akasema fedha zile alikuwa amezipangia paa. Kisha akakubali Jeki ahasiwe, nikamhasi mwezi wa tano bila malipo.

Ndugu wa tumbo moja walikuwa sita. Mama aliwatafuta wenyewe kwa simu, mmoja mmoja. Watatu ni wazima. Mmoja alikufa mwaka jana, “minyoo”. Mmoja hajapatikana. Wa sita ni jike, yuko Moshi. Mwenye mbwa yule alisema anakula vizuri sana siku hizi, ila haijulikani chakula kinakwenda wapi. Alimleta Jumamosi akiwa amefunga tangu jana yake, na seramu yake imeondoka Jumatatu.